Mgomba kwenye Ua wa Nchi ya Baridi

Kama unaishi Uingereza katika nyumba zile zinazoshikana kuta, huenda ua wako wa nyuma una upana wa mita tano hivi, ukuta wa matofali upande mmoja, uzio wa mbao upande wa pili, kibanda cha vifaa mwishoni na nyasi zilizodumaa katikati. Wengi watakushauri kwamba mahali padogo panataka mimea midogo: waridi moja, lavenda mbili, vyungu vya begonia karibu na mlango. Usiwafuate. Kwa mtu anayetamani kuona jani la mgomba likifunguka mbele ya dirisha la jikoni, ua mdogo wa mjini ni bora kuliko ekari nzima nje ya mji.

Jani kubwa haliletwi na joto kali. Linaletwa na maji, chakula kingi, mwanga wa saa nyingi na hewa iliyotulia. Mwanga unao: katikati ya Juni jua la London hukaa juu kwa zaidi ya saa 16, wakati Kampala au Mombasa halizidi saa 12 na ushei mwaka mzima. Maji na chakula utavileta mwenyewe. Kilichobaki ni utulivu wa hewa, na hapo ndipo ua mdogo unaposhinda. Kuta huvunja upepo, matofali hunywa jua mchana na kulirudisha usiku, na nyumba zenyewe huvujisha joto. Kwa hiyo sakitu, ule umande unaoganda usiku na kuunguza majani, huchelewa kuingia mjini na huondoka mapema kuliko mashambani. Mwenye bustani pana huko Norfolk, inayopigwa na upepo wa bahari pande zote, angefurahi sana kupata kona kama yako.

Kuna pia suala la macho. Ukipanga vimea vidogo vidogo mbele ya uzio, anayetazama anauona uzio. Ukiweka jani la upana wa mita moja, uzio unapotea, na asiyeuona mwisho wa ua hawezi kuupima. Mimea mitano mikubwa itaupanua ua wako kuliko mimea thelathini ya kimo cha goti. Tena usiipange kama picha ya darasa, wafupi mbele na warefu nyuma. Weka mgomba hatua mbili kutoka mlangoni ili upite chini yake ukitoka, kisha zile zenye majani membamba na mepesi uzipeleke mwishoni, ambako wembamba wao utaufanya mwisho uonekane mbali.

Wala si mtindo wa jana. Katika miaka ya 1860 mtunza bustani John Gibson alipanda bustani ya namna hii katika hifadhi ya Battersea, London, na mwaka 1871 William Robinson alichapisha kitabu kizima juu ya mimea ya majani makubwa katika bustani za Uingereza. Mwaka 1993 Christopher Lloyd, akisaidiana na Fergus Garrett, aling'oa bustani ya waridi iliyobuniwa na msanifu majengo Lutyens huko Great Dixter, Sussex Mashariki, akaweka migomba na kanna mahali pake. Wapo waliochukizwa. Lakini ukienda Great Dixter mwishoni mwa Agosti utaona kwamba bustani ile, kwa kuwa imezungukwa na miti mirefu na majengo ya zamani, ni ua uliofungwa kama wako, ila wenye nafasi zaidi.

Upime ua wako kabla ya kufungua pochi

Tumia wiki chache kutazama. Asubuhi ya baridi, tafuta mahali ambapo weupe wa sakitu unachelewa kuyeyuka. Hapo usiweke kitu kinachotoka nchi za joto. Tazama upepo unapitia wapi, hasa kwenye ule upenyo kati ya nyumba mbili. Upepo huo utalichana jani la mgomba hata mwezi Julai. Mgomba wenyewe haujali sana, kwani jani lake limeumbwa kuchanika kwa kufuata mishipa ili upepo upite, lakini utakuwa unatazama matambara badala ya majani.

Kisha chimba. Sehemu kubwa ya London na miji mingi ya katikati ya Uingereza imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, unaoshika maji majira yote ya baridi. Hili ndilo linaloua mimea mingi kuliko baridi yenyewe: mizizi iliyolala ndani ya matope ya nyuzi 2 inaoza, wakati ileile kwenye udongo unaopitisha maji ingevumilia sakitu kadhaa. Usichimbe shimo dogo ukalijaza mboji laini katikati ya mfinyanzi, maana utakuwa umetengeneza beseni. Changanya mboji na samadi iliyooza kwenye eneo lote, na uinue tuta lako sentimita 20 au 30 juu ya ardhi.

Kwenye lebo za mimea utaona alama za RHS, jumuiya ya kifalme ya wenye bustani, kuanzia H1 hadi H7. Zijue hizi nne. H5 ni mmea unaovumilia baridi ya nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri, H4 ni 5 hadi 10 chini ya sifuri, H3 hufika 5 chini ya sifuri, na H2 hautaki kabisa kushuka chini ya nyuzi 1. Alama hizo zinasaidia, ila zinazungumzia hewa tu, hazisemi kitu juu ya matope. Pia hazikukingi na miaka mibaya. Desemba ya 2010 ilikuwa Desemba ya baridi kuliko zote nchini Uingereza kwa miaka 100, na watu waliokuwa wamezoea kuiacha mimea yao nje bila kifuniko waliipoteza kwa wingi. Panga kwa kuukumbuka mwaka kama huo.

Tahadhari nyingine ni ya kuiga. Picha nyingi nzuri utakazoziona zimepigwa Cornwall, visiwa vya Scilly, au bustani ya Logan kusini-magharibi mwa Scotland, ambako makangaga yenye mashina kama miti hukaa nje mwaka mzima. Kinachoyaokoa huko ni bahari yenye mkondo wa maji ya uvuguvugu. Birmingham haina bahari.

Inayobaki nje

Anza na mimea ambayo hutaihangaikia. Bila hiyo, ua wako utakuwa uwanja mtupu kuanzia Novemba hadi Mei, na miezi saba ni mingi mno kutazama udongo.

Wa kwanza ni Fatsia japonica. Jani lake ni la kijani cha kung'aa, lenye vidole saba hadi tisa, na mara nyingi hupita sentimita 30 kwa upana. Haudondoshi majani majira ya baridi, haudai jua, na unakua hata kwenye ile kona nyeusi upande wa kaskazini ambako hakuna kilichowahi kushika. Usiku wa baridi kali majani yake hulegea na kuning'inia kana kwamba umekufa. Jua likitoka yanajiinua. Unauzwa kwa bei ndogo, nao wenye majivuno wanaudharau kwa sababu umejaa kwenye maegesho ya magari. Upande tu.

Wa pili ni Trachycarpus fortunei, ndugu wa mikoche na mivumo ya kwetu, mwenye majani ya upepeo. Asili yake ni China, na Robert Fortune ndiye aliyetuma miche Uingereza mwaka 1849. Huvumilia baridi ya H5 bila kufunikwa. Kasoro yake ni kwamba majani huchakazwa na upepo. Kama ua wako una upepo, tafuta aina ya wagnerianus, yenye majani madogo yaliyokakamaa.

Wa tatu utawafurahisha waliokulia Nairobi au Nakuru: mlokwati, Eriobotrya japonica. Jani lake ni refu, nene, lenye mifereji, na hufika sentimita 30. Uegemeze kwenye ukuta unaotazama kusini. Usitegemee sana matunda, kwa kuwa unachanua mwanzoni mwa majira ya baridi na vitunda vichanga huungua, lakini wengi hupanda mbegu ya tunda walilonunua dukani, na inaota vizuri kwenye chungu dirishani.

Ukitaka mianzi kwa ajili ya majani yake membamba, nunua jenasi ya Fargesia, inayokaa kichaka kimoja. Mingine, hasa Phyllostachys, inatambaa chini ya ardhi na itakugombanisha na jirani.

Kuhusu kangaga-mti, Dicksonia antarctica, kutoka Tasmania na kusini-mashariki mwa Australia: ni mzuri kupita maelezo, lakini shina lake hurefuka sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo urefu wake unaununua kwa pesa. Shina la kutoka Tasmania linapaswa kuja na lebo rasmi ya huko. Bila lebo, usinunue. Wakati wa kiangazi limwagilie shina lenyewe, si ardhi tu, na majira ya baridi jaza mabua makavu kwenye kilele ambako makuti mapya yamejikunja.

Ujanja wa msumeno

Hapa ndipo mwenye ua mdogo anapopata faida kubwa kwa gharama ndogo. Paulownia tomentosa ni mti wa China ambao ukiachwa hufika mita kumi na zaidi, yaani haufai kabisa mahali pako. Lakini ukiukata hadi karibu na ardhi kila mwaka mwezi Machi, unakasirika: nguvu zote za mizizi huingia kwenye machipukizi machache, na hadi Agosti una fimbo ya mita mbili au tatu yenye majani ya manyoya, kila moja sentimita 60 na zaidi kwa upana.

Utaratibu ni huu. Mwaka wa kwanza uache ukue bila kuguswa ili mizizi ishike. Machi ya mwaka unaofuata, kata shina likibaki sentimita 10 hadi 15. Yatatoka machipukizi mengi; yakifika urefu wa kiganja, chagua moja lenye nguvu, mengine yavunje kwa dole gumba. Hapo ndipo watu wanapoingiwa na huruma wakaacha manne, na matokeo ni machipukizi manne yenye majani ya kawaida badala ya moja lenye majani ya ajabu. Ulishe mti huo samadi kwa wingi, maana unaudai kila mwaka kujenga mwili upya. Maua yake ya zambarau hutayaona, kwa sababu hutokea kwenye matawi ya mwaka uliotangulia. Ni hasara ndogo. Catalpa hukubali mtindo huohuo.

Tetrapanax papyrifer, na hasa ile inayoitwa 'Rex', haihitaji msumeno. Inatoka Taiwan, na kiini cha ndani ya shina lake ndicho kilichotumika kutengenezea karatasi nyembamba za kuchorea picha. Mahali pazuri jani lake hukaribia mita moja. Ina tabia mbili unazopaswa kuzijua kabla ya kuinunua. Hutupa machipukizi mbali na mama, wakati mwingine mita mbili, na majani machanga yana vumbi la manyoya linalowasha koo na macho. Unapoyakata vaa barakoa na glavu. Pamoja na hayo, kama ningeruhusiwa mmea mmoja tu katika ua wa aina hii, ningechukua huu kabla ya mgomba.

Gunnera, ile yenye majani ya kumfunika mtu mzima kama mwavuli, iache. Gunnera tinctoria imepigwa marufuku nchini Uingereza kwa kuvamia mito na mabonde, na utafiti wa RHS ulionesha kwamba ile iliyokuwa ikiuzwa kwa miaka kama Gunnera manicata kwa kweli ni chotara yake, kwa hiyo nayo imeingia kwenye marufuku. Kwenye kona yenye unyevu na kivuli chepesi, Rheum palmatum, nduguye rubabu anayepandwa kwa mapambo, itakupa jani pana lenye meno, na baridi haiitishi hata kidogo.

Migomba miwili tofauti

Swali la kwanza la kila mtu ni kama anaweza kupanda ndizi za kula: mzuzu, kisukari, matoke. Nje, hapana. Mgomba huo utafurahia miezi mitatu kisha utakufa, na hautakuwa umekaribia kutoa mkungu. Unaopanda hapa unapandwa kwa ajili ya jani.

Musa basjoo ndio mgomba wa baridi. Jina la mitaani linausema kuwa wa Japani, na mshairi Bashō alijipatia jina lake kutokana na mgomba uliopandwa karibu na kibanda chake, lakini asili yake ni kusini mwa China. Ndizi zake hazina maana kwa mlaji. Majani yake huungua kwa sakitu ya kwanza tu, na shina nalo huoza lisipofunikwa. Lakini tunguu lililo ardhini, likiwa chini ya matandazo manene, hustahimili baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri na hata zaidi. Unapanda mwishoni mwa Mei, karibu na ukuta lakini si chini ya ukingo wa paa ambako mvua haifiki. Mwezi Julai mgomba uliolishwa vizuri hutoa jani jipya karibu kila wiki.

Mwingine ni Ensete ventricosum, na huu ni wa nyumbani. Unaota wenyewe kwenye milima ya Tanzania, Kenya na Uganda, wengine wakiuita mgomba mwitu, na huko Ethiopia mamilioni ya watu hula chakula kinachotokana na shina na tunguu lake lililochachushwa. Bustani za Uingereza hupendelea aina yenye majani mekundu, 'Maurelii', inayofurika madukani kila Mei. Jani lake ni zito kuliko la Musa na linavumilia upepo vizuri zaidi, kwa hiyo kama ua wako una upepo, huu ndio wako. Ila hauvumilii sakitu hata ya usiku mmoja, na hautoi watoto pembeni kama migomba mingine. Ukiupoteza umeupoteza.

Ya msimu mmoja

Katikati ya hiyo mikubwa jaza mimea ya msimu. Mbarika, unaotupa mafuta ya nyonyo, huota kwa urahisi kuliko maharage: loweka mbegu usiku mmoja, panda kwenye chungu dirishani mwezi Aprili, utoe nje sakitu zikisha. Aina nyekundu hufika mita mbili kabla ya Septemba. Lakini mbegu zake zina sumu kali, risini, na zinavutia macho ya mtoto kama shanga. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, ama usipande, ama ukate kila shada la maua kabla halijafunga mbegu.

Magimbi, au nduma kwa msomaji wa Kenya, huhitaji kuyaagiza kwa bei ya mapambo. Soko la Ridley Road huko Dalston, na maduka mengi ya vyakula vya Kiafrika na Kiasia, yana magimbi madogo ya kula. Chagua magumu yenye jicho linaloonekana, yafukie nusu kwenye mboji yenye unyevu mwezi Machi, uyaweke mahali penye joto la nyuzi 20 na zaidi, kwa mfano juu ya kabati lenye tangi la maji moto. Yanachelewa, usiyafukue kila siku kuangalia. Juni yatoe nje, chungu kikiwa kimesimama ndani ya beseni la maji, kwenye jua. Majani yake mabichi yanawasha mdomo, kama ujuavyo, na aina zile nyeusi za mapambo usizifanye mboga.

Kanna unazijua: ndizo zinazopangwa mbele ya ofisi za wilaya na vituo vya mafuta kutoka Moshi hadi Kisumu. Huku zinaheshimiwa. 'Musifolia' ndiyo yenye jani la kudanganya kuwa mgomba, na hupita kimo cha mtu. Unaponunua, kagua jani: mistari ya njano iliyokatika-katika na makunyanzi ni dalili ya virusi visivyo na dawa, na mmea huo haufai kuingizwa nyumbani hata kwa bure. Aina zenye mistari ya asili, kama 'Durban', zinachanganya macho hapo. Mistari yake ni safi na imenyooka kufuata mishipa.

Kulisha

Wengi hufanya kila kitu sawasawa kisha wanailisha mimea hii kama waridi, na ndiyo sababu majani yao yanabaki madogo. Mwezi Aprili tandaza samadi ya farasi iliyooza vizuri unene wa sentimita 10, bila kuigusisha na mashina. Mazizi mengi ya pembezoni mwa miji huitoa bure kwa anayekuja na magunia. Kuanzia mwishoni mwa Mei ongeza punje za mbolea ya kuku, au mbolea ya maji yenye naitrojeni nyingi kila wiki. Mwishoni mwa Agosti acha kabisa. Chakula cha Septemba hutoa majani laini yasiyokuwa na muda wa kukomaa, na hayo ndiyo ya kwanza kuoza.

Maji ni hadithi ileile. Jani kubwa hupumua maji mengi, na mvua ya Uingereza, hata inyeshe siku nzima, mara nyingi haifiki kwenye mizizi kwa sababu majani yenyewe yameizuia. Siku ya joto ndoo nzima kwa mgomba mmoja si nyingi. Weka pipa chini ya bomba la paa. Mimea ya kwenye vyungu itadai maji kila siku, na ukisafiri wiki moja Julai bila kumwachia jirani kazi hiyo, utarudi kwenye majani yaliyokauka kingo.

Adui wa machipukizi ni koa na konokono. Zile punje za buluu zenye metaldehaidi, walizozoea kuzitumia wazee wa bustani, haziruhusiwi tena nje huko Uingereza tangu mwaka 2022. Toka usiku na tochi uwaokote, au nunua minyoo midogo sana inayochanganywa na maji na kumwagwa kwenye udongo wenye joto kuanzia nyuzi 5. Migomba ikishafika magotini haiwajali tena.

Oktoba hadi Mei

Fuatilia utabiri wa usiku kuanzia katikati ya Oktoba. Ensete ndio wa kutangulia: uchimbue kabla ya sakitu, kata majani yote ukibakisha lile changa lililojiviringa katikati, punguza mizizi, kisha uusimamishe kichwa chini siku kadhaa ili maji yaliyo kwenye makonyo yamwagike. Uweke ndani ya chungu cha mboji karibu kavu, mahali pasiposhuka chini ya nyuzi 5: chumba kisichowashwa hita, au gereji yenye dirisha. Usiumwagilie. Mkono wako utataka kuumwagilia mwezi Januari. Uzuie, kwani maji ya Januari ndiyo huuozesha.

Kanna na magimbi yasubiri. Acha sakitu ya kwanza iyaunguze majani, halafu kata, chimbua, na uyahifadhi ndani kwenye mboji yenye unyevu kidogo tu. London, penye udongo unaopitisha maji, kanna huweza kubaki ardhini chini ya matandazo ya sentimita 15, na utaokoa mgongo wako. Kaskazini mwa Birmingham nisingejaribu.

Kwa Musa basjoo una njia mbili. Ya kivivu ni kukata shina hadi karibu na ardhi na kufunika tunguu kwa mboji na mabua unene wa sentimita 30; utachipua tena, ila kila mwaka utaanza upya na hautazidi kimo cha mtu kwa kiasi kikubwa. Ya pili inakupa mgomba mrefu. Majani yakishaungua, yakate yote, ubakize shina la mita moja au moja na nusu. Zungushia wavu wa banda la kuku ukiacha nafasi ya sentimita 20 pande zote, ufunge kwenye vigingi, ujaze mabua makavu ya ngano bila kuyashindilia sana, maana kinachokinga ni hewa iliyonaswa ndani. Juu funika na kitu kisichopitisha mvua, lakini pembeni usizungushie plastiki. Shina lililofungwa ndani ya plastiki linatoka jasho na kuoza hata kama halikupata baridi. Kama shina ni jembamba kuliko mkono wako, bado ni changa. Lipitishe mwaka wa kwanza kwenye chungu ndani ya nyumba.

Usiharakishe kufunua. Aprili huleta siku tamu za nyuzi 18 zikifuatiwa na usiku wa sakitu. Ondoa mabua ya juu kwanza mwishoni mwa Aprili ili ncha ipate mwanga, na uweke karibu kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia mimea, urushe juu usiku ukitisha. Ukikuta ncha imeoza, usiing'oe mara moja. Kata shina vipande vya sentimita 5 kutoka juu, kama unavyokata muwa, mpaka uone duara jeupe lisilo na doa katikati. Jani litapandia humohumo na kutokea juu.

Baada ya mwaka wa pili au wa tatu mgomba utaanza kutoa watoto. Acha wawili au watatu, kwa kuwa shina likishachanua hufa na hao ndio warithi. Waliobaki watoe mwezi Mei, wakiwa na urefu wa sentimita 30 hivi: fukua udongo pembeni, kata kwa kisu kirefu kati ya mtoto na mama, hakikisha kipande cha tunguu na mizizi kadhaa vimetoka naye, punguza majani, umpande kwenye chungu mahali penye kivuli wiki mbili tatu. Aliyetoka bila mizizi naye huweza kushika, ila mfunike na mfuko wa plastiki wenye matundu ili asikauke. Majira ya baridi ya kwanza apitishie ndani, na Mei inayofuata yuko tayari kwenda kwa jirani yule aliyekushauri lavenda.